Shajara ya Dumu: Kizingitini Tunajifunza Kuishi na Petroli Kidogo

Naiandika shajara hii ya kikundi chetu cha kupunguza petroli, hapa Kizingitini, kisiwani Pate, Lamu, kwa ajili ya ndugu wa Ndau, Kiwayu, Faza na kwingineko visiwani watakaotaka kuiga. Nitaongeza kila hatua inapoisha. Yaliyokwenda sawa nitayapita mbio. Tuliyokosea nitakaa nayo, maana ndiyo yaliyokula pesa.

16 Septemba 2023. Tumeanza

Juzi, tarehe 14, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, ilitangaza bei za mafuta kama ifanyavyo kila mwezi. Petroli Nairobi imefika shilingi 211.64, mara ya kwanza kuvuka 200. Hapa Kizingitini, baada ya kuvushwa bahari ndani ya madumu ya lita ishirini, lita jana iliuzwa 235.

Lakini mimi jambo hili limenikaa rohoni tangu kabla ya bei. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kesi za mazingira (National Environment Tribunal) lilipofuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotakiwa kijengwe Kwasasi, megawati 1,050, nilikuwa Lamu mjini. Tulishangilia hadi sauti zikakauka. Jioni tukapanda boti kurudi kwetu, mashine ya nguvu za farasi 40, lita kumi na nane kwa kwenda tu. Ami yangu alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, kilemba kimelowa. Akaniinamia sikioni kwa sababu ya kelele za mashine: "Mwanangu, na hii tutaishtaki kwa nani?"

Nami sikuwa na jibu. Ajabu ni kwamba bomba lililopangwa kuleta mafuta ya Turkana kutoka Lokichar mwisho wake ni huku huku Lamu. Yatapita mlangoni petu, na dumu tutaendelea kununua.

Kijana wetu anayesoma Mombasa alituletea habari za Totnes, mji mdogo wa Uingereza. Mwaka 2006 Rob Hopkins na wenzake walianzisha pale harakati za miji ya mpito: watu wa mji mmoja kujiandaa wenyewe kwa siku ambazo mafuta yatakuwa haba au ghali, bila kungoja serikali. Mwaka uliotangulia wanafunzi wa Hopkins huko Kinsale, Ireland, walikuwa wamekwisha kuuandikia mji wao mpango wa namna hiyo. Nilichokipenda ni kwamba wanashauri wazee waulizwe waliishije zamani. Sisi wazee wetu walioendesha vyombo bila mashine bado wako barazani wanacheza bao. Tumechelewa kuwauliza, basi.

Kikundi ni watu 14, wanaume wanane na wanawake sita. Mchango ni shilingi 200 kwa wiki kila mtu. Katibu ni mimi.

17 Oktoba 2023. Petroli inakwenda wapi

Tuliamua kila mwenye chombo aandike lita zake kwa siku thelathini. Wiki ya kwanza hesabu zilikuwa za kuchekesha. Nahodha mmoja, ambaye madumu yake huwa namsaidia kuyapandisha kutoka ufukweni, aliandika lita nne kwa wiki nzima. Kumbe uvumi ulikwisha kuenea mtaani kwamba katibu anakusanya hesabu za kodi.

Aliyetuokoa ni mama anayeuza mafuta. Ana daftari la mistari lenye kurasa zilizokunjamana kwa petroli, nalo halina jina hata moja. Kila mteja ana mchoro wake: jani kwa mwenye boti ya kijani, jicho kwa yule mwenye kuweka miwani, samaki asiye na mkia kwa mtu ambaye sitamtaja. Kando ya mchoro kuna vijiti, kijiti kimoja lita tano. Alikubali kutusomea kwa sharti kwamba daftari halitoki mkononi mwake. Tukakaa naye jioni tatu.

Kwa siku 30, kikundi chetu peke yake: uvuvi wenyewe lita 148, safari za Lamu lita 286, maji, yaani pampu ya kisima na boti ya kufuata maji, lita 97, jenereta lita 41. Jumla 572, na kwa bei ya 235 ni shilingi 134,420.

Kabla ya hapo kila mtu angeapa kwamba petroli inaliwa na uvuvi. Nusu kamili ilikuwa inaliwa na njia ya kwenda Lamu kuuza samaki na kurudi na barafu. Anayetaka kuiga asiruke hatua hii, na asiwaulize wanaume. Amtafute mwenye daftari.

30 Januari 2024. Jabia, mara ya kwanza

Visima vyetu ni vya chumvi. Maji ya kunywa ni ya mvua, nayo huwekwa jabiani, yaani shimo lililojengwa la kuhifadhia maji. Ukame wa 2021 na 2022 uliyakausha majabia tukazoea kufuata maji kwa boti, na mazoea yakabaki hata mvua iliporudi, kwa sababu jabia la mtaa wetu halishiki maji. Mvua kubwa za mwisho wa 2023 tuliziona zikiingia na kuzama ardhini.

Vipimo: kiwanja cha kutegea ni mita 18 kwa 14, mita za mraba 252. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni lita 2,520. Ukitoa ile inayonyonywa na sakafu na inayoruka nje, hesabu 2,000. Shimo lenyewe ni mita 8 kwa 4, kina 2.5, limeezekwa. Likijaa ni lita 80,000.

Tulizoa tope siku tatu, tukabandua plasta kuukuu, tukapiga mpya ya simenti. Mifuko 14 kwa 950 ni 13,300, fundi 12,000, mchanga bure wa ufukweni. Jumla 25,300. Plasta ilitoka laini kama sahani, tukapiga picha.

18 Februari 2024. Tanga, mara ya kwanza

Boti ya faiba haifai tanga. Ina tumbo bapa, haina mkuku wa kushika maji, ukiitweka tanga inakwenda ubavu kama kaa. Hili tulilijua kwa kulijaribu mbele ya kijiji kizima na sitalieleza zaidi.

Ami yangu akatoa mashua yake iliyokuwa mchangani miaka tisa. Fundi kutoka Matondoni aliitazama, akaigonga mbao kwa nyundo moja baada ya moja huku ametega sikio kama daktari, akasema mbao nne tu ndizo zilizokufa. Zikabadilishwa, ikapigwa kalafati, yaani kuzibwa nafasi za mbao, kwa pamba na mafuta ya nazi, chini ikapakwa shahamu.

Kosa likaja kwenye tanga. Tulinunua turubai la plastiki kwa 9,500, kushona 4,000. Mafundi wawili walituonya, sisi tukatazama bei. Safari ya kwanza kwenda Lamu ilikuwa raha tupu, kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, iko nyuma, vijana wanaimba. Kurudi ndiko kulikotufundisha. Kaskazi iko usoni, tunabisha, yaani tunakwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, na kila tanga likigeuzwa turubai lilipiga kelele kama bati. Mbele ya Manda likapasuka kuanzia pembeni hadi katikati. Nahodha akajaribu kulishusha haraka, foromali, mti unaobeba tanga, ikakatika kwa mlio, kipande kimoja kikaanguka baharini, kingine hatua moja tu kutoka kichwa cha kijana wa miaka kumi na tisa. Tulivutwa na boti ya mashine ya watu wengine. Tuliwalipa kwa samaki na kwa kunyamaza walipotucheka.

Foromali tuliyoweka ilikuwa mti mmoja mnene, tukidhani unene ndio nguvu. Wazee wanaunga miti miwili, wanaipandanisha sehemu nene katikati na kuibana kwa kamba. Inapinda, na upepo ukipungua inarudi.

19 Mei 2024. Tanga, mara ya pili

Kitambaa cha pamba kizito mita 34 kwa 450, 15,300. Kamba 6,200. Miti miwili ya foromali 5,000. Kushona, kwa mkono, siku nane, 12,000. Kalafati na shahamu ya Februari, ambayo sikuiandika, 11,400. Jumla 49,900. Ukiongeza turubai lililokufa, 13,500, tumetumia 63,400. Mashine ndogo ya 15 imebaki nyuma ya mashua kwa ajili ya shwari na mahali pembamba. Hatukuapa kuachana na mashine.

Mwalimu wetu ni nahodha wa zamani aliyepita miaka sabini, macho yameingia ukungu. Kijana wetu hodari wa mashine alikuja na simu yenye programu ya upepo. Mzee akamwambia aiweke mfukoni, akamkalisha nyuma na shikio mkononi.

"Funga macho. Upepo unakugonga wapi?"

"Usoni, mzee."

"Usoni ni pakubwa. Sikio gani?"

Ilichukua siku tatu kijana kujibu bila kubahatisha. Siku ya nne alipoteza upepo akiwa amefumba macho akasema mwenyewe, "Umehamia shingoni," akalegeza demani, kamba ya kuongozea tanga, kabla mzee hajanena. Mzee hakumsifu. Alimwomba tumbaku.

2 Juni 2024. Jabia linavuja

Mvua za masika zimelijaza zaidi ya nusu, na kila asubuhi alama iko chini. Tulilifunga siku tatu, hakuna anayechota. Maji yalishuka sentimita 9. Sentimita moja kwa eneo la shimo letu ni lita 320, kwa hiyo tunapoteza lita 960 kwa siku. Nyumba 22 za mtaa kwa madumu mawili kila moja hutumia lita 880. Ardhi inakunywa kuliko sisi.

Tutalikausha kwa matumizi kabla halijajikausha lenyewe. Nitaandika sababu tukishaiona.

23 Juni 2024. Tulipwelewa

Hii ndiyo sehemu ninayotaka isomwe kwa utulivu.

Wakati wa mashine safari zetu zilikuwa na ratiba kama ya basi: Jumanne na Jumamosi, chombo kinaondoka saa saba usiku, samaki wako Lamu alfajiri. Tanga lilipokuja hatukubadilisha ratiba. Hakuna aliyewaza kuibadilisha. Sokoni wanatungoja Jumamosi, basi tutafika Jumamosi.

Jana ilikuwa Jumamosi, mwezi 15 Mfungo Tatu, siku chache baada ya Idi, bamvua kubwa, yaani maji kujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Siku za bamvua huku kwetu maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne. Mpango ulikuwa kuingia Mkanda saa kumi na moja alfajiri, maji yakiwa bado juu, tupite kati ya Manda na bara, tutokee Lamu jua linachomoza. Kwa mashine ingewezekana na muda ungebaki. Lakini sasa ni kusi, upepo wa kusini, na kwenda Lamu wakati wa kusi ni kubisha mwanzo hadi mwisho. Tulibisha saa tatu zaidi ya tulizohesabu. Tulipoingia Mkanda ilikuwa saa mbili asubuhi na mikoko ilikuwa imeanza kuonyesha mizizi.

Nahodha akasema tuwashe mashine, tukimbilie. Tukawasha. Dakika kumi baadaye parapela ikaanza kutupa tope jeusi, mashua ikasugua chini, ikasimama taratibu kama punda aliyeamua. Tuliruka watatu kusukuma, tukazama hadi mapajani. Pondo, mti wa kusukumia chombo, ilikwenda chini mkono mzima na kutoka na harufu ya mayai mabovu. Maji yakaendelea kutoka, kijito baada ya kijito, mpaka mashua ikalala ubavu katikati ya uwanja wa tope, kaa wadogo wakija kututazama.

Samaki walikuwa kilo 70, barafu ilikwisha kuwa maji tangu saa moja. Tuliwafunika kwa magunia tukamwagia maji ya bahari. Usubi walitula mpaka masikio yakavimba. Saa saba mchana maji yakarudi, mashua ikajiinua yenyewe bila kuombwa. Lamu tulifika saa nane na nusu. Mnunuzi aliinua shavu la changu mmoja, akanusa, akalirudisha polepole, akaniambia kwa adabu kubwa, "Samahani ndugu yangu, hawa labda paka." Kilo 70 kwa 250 ni 17,500.

Usiku huu tumekaa na mzee na kuifuta ratiba. Mpya haina Jumanne wala Jumamosi. Ina tarehe za mwezi. Maji husogea mbele takriban dakika hamsini kila siku, kwa hiyo ukijua mwezi ngapi unajua saa ya kuwa Mkanda, na ukijua msimu unajua saa ya kuondoka: kaskazi hutupeleka sokoni, kusi hutuleta nyumbani, na upande wa pili wa kila msimu unaongezewa saa tatu za kubisha. Mzee alikuwa nayo yote kichwani. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia mapema. "Hamkuniuliza mnaondoka lini," akasema. "Mliniuliza namna ya kushika shikio."

Ratiba nimeiandika kwa chaki kwenye mlango wa duka la yule mama, na mnunuzi wa Lamu amepelekewa picha yake.

29 Septemba 2024. Jabia, mara ya pili

Likakauka Agosti, tukashuka na tochi. Makosa matatu. Mchanga wa ufukweni tuliutia na chumvi yake. Plasta tuliipiga Januari, kaskazi kavu na jua kali, ikakauka siku mbili badala ya kukomaa, ikatoa nyufa nyembamba kama nywele. Na kona tuliziacha kali za mraba, ndipo nyufa kubwa zilipoanzia.

Safari hii tulifuata njia ya kizamani. Chokaa ya mawe ya matumbawe mifuko 20 kwa 350, 7,000, ikalowekwa wiki tatu. Mchanga wa ndani ya kisiwa, ukaoshwa na kubebwa na punda, 4,500. Fundi 15,000. Jumla 26,500. Kitu cha nne hakikununuliwa: vumbi la vigae. Chokaa peke yake haigandi vizuri mahali penye maji, ikipata vumbi la udongo uliochomwa inaganda. Watoto waliokota vigae vya vyungu na mitungi mtaa mzima, wanawake wakavitwanga kwenye vinu siku kumi na moja, leso puani. Ukipita mtaani alasiri ungedhani kuna harusi inakobolewa mpunga. Mwenzetu mmoja alivunja chungu kizima cha mama mkwe wake kwa bidii ya kuchangia. Kesi hiyo haijaisha.

Kipimo: chokaa sehemu mbili, vumbi la vigae moja, mchanga nne. Kona zote zimeviringwa kwa kusuguliwa na kitako cha chupa. Baada ya hapo magunia mabichi yametandazwa ukutani siku 14, yakinyeshewa asubuhi na jioni. Maji ya kwanza yatakayoingia yatamwagwa, huwa makali kwa chokaa.

Kiwanja kimezungushiwa uzio. Mbuzi hawakuridhika.

24 Novemba 2024. Barafu ya jua

Nilikuwa shabiki mkubwa wa wazo hili, kwa hiyo lawama ni yangu. Barafu yetu hutoka Lamu na nusu yake huyeyuka njiani. Nikasema tuigandishe hapa hapa. Paneli mbili za wati 200, 26,000. Inveta 14,000. Betri mbili za gari 24,000. Friza ya mtumba 18,000. Jumla 82,000, kati yake 40,000 mkopo bila riba kutoka chama cha akina mama.

Wiki ya saba betri zikafa. Betri ya gari imeundwa itoe nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja wa kuwasha injini, kisha ijazwe. Ukiinyonya hadi chini kila usiku haifiki mbali. Inveta ilifuata wiki hiyo hiyo. Tulipoifungua, sakiti imeota kijani kwa hewa ya chumvi, kwa sababu kibanda kiko hatua ishirini kutoka majini.

Hata vingekuwa vizima, hesabu yangu ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Wati 400 kwa saa tano za jua zuri ni uniti mbili kwa siku. Siku bora tulipata barafu kilo 9. Samaki kwenye joto letu wanataka barafu kilo kwa kilo, na siku ya kawaida tunatua kilo 60 hadi 100. Ningepiga hesabu hii kwa kalamu na karatasi, bure, kabla ya kununua chochote.

Kilichookolewa: paneli zimehamishiwa kisimani na pampu ndogo ya sola ya 11,500, kwa maji ya kufulia na kuoshea, na pampu ya petroli imelala. Betri tumeuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu 2,600. Friza imekatwa nyaya zake na kuwekwa ndani ya mashua kama sanduku la barafu. Kuta zake nene zinahifadhi barafu mpaka nyumbani kuliko kitu chochote tulichowahi kuwa nacho. Sanduku la elfu themanini. Akina mama wanalipwa 3,000 kwa mwezi.

5 Januari 2025. Hesabu ya nusu mwaka

Julai hadi Desemba: safari 26 za Lamu. Za tanga 17, kila moja lita 11 za mashine ndogo. Za faiba 9, kwa sababu ya kusi kali, wagonjwa, na mara mbili uvivu, kila moja lita 36. Jumla lita 511. Zote zingekuwa za faiba zingekula 936. Tumeokoa 425, na kwa wastani wa 215 ni 91,375.

Toa gharama yote ya tanga, 63,400, na samaki wa Mkanda, 17,500. Inabaki 10,475.

Kuna deni ambalo halimo humo. Kwenda na kurudi kwa tanga kunachukua saa saba zaidi. Mabaharia watatu, safari 17, ni saa 357 ambazo hatukumlipa mtu. Wawili wameoa mwaka huu na wake zao wameanza kuuliza. Tumeamua baharia wa tanga apate mgao na nusu. Waliopinga wameambiwa wapande wao.

16 Februari 2025. Ng'onda

Samaki ambao barafu haiwatoshi sasa hawakimbizwi Lamu, wanafanywa ng'onda, samaki mkavu. Wanapasuliwa, wanatiwa chumvi ya Gongoni, kilo moja kwa kilo tatu za samaki, wanalala usiku mmoja, wanaanikwa. Kazi hii ni ya akina mama na sina la kuwafundisha. Mwanzo waliwaanika mchangani juu ya majamvi, wakapata funza na malalamiko. Sasa ni juu ya uchanja wa miti, kimo cha kiuno, chandarua juu. Miti ya uchanja ni ya mivinje. Hatutaki kuacha petroli kwa kumaliza mikoko, samaki wengi hukulia humo.

Ng'onda haina haraka. Inangoja bamvua.

6 Julai 2025. Jabia, na dumu

Masika yamepita. Jabia lilijaa mpaka sentimita ishirini kutoka ukingoni. Tulilifunga tena siku tatu. Maji yalishuka nusu sentimita, lita 160 kwa siku zote tatu. Nilipima mara mbili, halafu fundi akapima kwa fimbo yake mwenyewe kwa kuwa haniamini. Kwa madumu mawili kwa nyumba tuna karibu miezi mitatu. Boti haijafuata maji tangu Aprili.

La mwisho ni ugomvi wa mwezi uliopita. Tulikuwa tumeweka dumu moja la lita ishirini kwa dharura, limefungwa kwa lakiri ndani ya sanduku, ufunguo kwa mtu mmoja. Usiku mmoja mke wa jirani akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, anatakiwa Lamu. Maji yamepwa, upepo hakuna. Tulikwenda kuchukua dumu tukakuta lita sita. Mwenye ufunguo alikuwa ameazima kidogo kidogo kwenda kutega kamba, akitumaini kurudisha. Tuligonga milango saa tisa usiku kukusanya petroli kwa chupa za soda. Faiba iliondoka baada ya dakika arobaini. Mama na mtoto wako salama, alhamdulillahi, lakini mumewe alipita mtaani wiki nzima bila kunisalimu, na sikumlaumu.

Sanduku sasa liko dukani kwa mwenye daftari, chini ya meza yake. Dumu lina mchoro wake: mtoto mchanga. Kando yake vijiti vinne, na kila Ijumaa mbele ya watu wawili anavihesabu.

Bamvua inayofuata ni Alhamisi. Tanga liko kwa fundi, pembe ya joshi imefumuka tena, ameahidi Jumatano.